Shule binafsi za maandalizi ya chuo Marekani: kinachombeba mwanafunzi ni kazi ya kila wiki

MwalimuWaHisabati (mleta uzi)

Habari zenu wanajamvi.

Maswali yamekuwa mengi humu kutoka kwa wazazi wanaotaka kuwapeleka watoto kwenye shule binafsi za sekondari Marekani, zile zinazoandaa wanafunzi kwa ajili ya chuo kikuu. Karibu yote yanahusu namna ya kuingia: ada, mtihani wa usajili, viza. Sijaona anayeuliza mtoto akishaingia atasoma vipi. Ninafundisha hisabati kwenye shule ya aina hiyo, ya bweni, na kila mwaka nawaona watoto wenye vichwa vizuri wakiyumba muhula wa kwanza kwa sababu hakuna aliyewaeleza mambo ninayotaka kuyaandika hapa. Uzi ni mrefu, naomba uvumilivu.

Marekani hakuna mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Hakuna karatasi moja inayotungwa na wizara, ikasahihishwa, kisha majina yakabandikwa. Kinachokwenda chuoni ni transkripti, yaani kumbukumbu ya kila somo na kila alama ya muhula kuanzia darasa la 9 (sekondari huku ni la 9 hadi la 12). Na kwa kuwa maombi ya chuo hutumwa mwanzoni mwa darasa la 12, alama zenye uzito ni za la 9, la 10, la 11 na zile chache za mwanzo wa la 12. Sisi tuliosoma kwenye mfumo wa mtihani wa mwisho tulizoea kwamba mtu anaweza kulegea, halafu akakaza buti miezi miwili ya mwisho akatoka na daraja la kwanza. Huku miezi miwili hiyo haipo. Alama mbovu ya Novemba ya darasa la 9 imeandikwa na itasomwa.

Alama ya somo nayo haitokani na mtihani mmoja. Kuna majaribio mafupi karibu kila wiki, insha, ripoti za maabara, kazi za jioni, mradi, ushiriki darasani, na mwisho wa muhula mtihani ambao mara nyingi ni sehemu ndogo tu ya jumla. Kila mwalimu hutoa muhtasari wa somo siku ya kwanza unaoonyesha kila kitu kina asilimia ngapi. Nawasihi wazazi, mwambieni mtoto ausome waraka huo neno kwa neno. Mtoto anayekosa kukusanya kazi ndogo tatu anaweza kushuka kutoka A hadi B hata kama ndiye anayeongoza kwenye majaribio.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa mlishike kuliko yote: kusema darasani.

Mwaka 1930 tajiri mmoja, Edward Harkness, aliipa shule ya Phillips Exeter dola milioni 5.8 kwa wazo kwamba wanafunzi wasome wakiwa wamezunguka meza, kama kumi na wawili hivi, wakijadiliana, badala ya kukaa kwenye mistari wakimsikiliza mwalimu. Meza hizo za umbo la yai zinaitwa kwa jina lake mpaka leo, na mtindo umeenea kwenye shule nyingi za maandalizi. Si fasihi na historia tu. Pale Exeter hata hisabati hufundishwa hivyo: walimu wenyewe wametunga vitabu vya maswali, havina sura wala maelezo, na viko kwenye tovuti ya shule, yeyote anaweza kuvipakua bure.

Nieleze inavyokuwa kwenye darasa langu. Jioni iliyotangulia wanafunzi wamepewa maswali manane. Moja linasema: kwenye mstari y = 2x + 1, ni nukta ipi iliyo karibu zaidi na nukta (5, 1)? Wakiingia darasani, kila mmoja anachukua chaki na kuandika jibu la swali moja ubaoni kabla sijasema lolote. Msichana mmoja amechora mstari unaokata ule wa kwanza kwa pembe mraba ukipitia (5, 1), akapata makutano (1, 3). Kijana mwingine hakuchora chochote. Ameandika mraba wa umbali, (x − 5)² + (2x)², akaufungua ukawa 5x² − 10x + 25, akatafuta x inayoufanya uwe mdogo kuliko yote, akapata 1. Wa tatu amechora duara lenye kitovu (5, 1) akalikuza mpaka likagusa mstari. Jibu ni lile lile. Kazi ya kipindi ni kuulizana kwa nini njia tatu zisizofanana zinafika mahali pamoja, na ipi ingefaa kama badala ya mstari tungekuwa na mkunjo. Mimi nakaa na karatasi yenye mchoro wa meza. Mtu akimjibu mwenzake navuta mstari kati yao. Mwisho wa kipindi mchoro unaonyesha nani kazungumza, nani kamuuliza nani, na nani hana hata mstari mmoja.

Mtoto ambaye amefundishwa tangu utoto kwamba adabu ni kunyamaza mpaka uulizwe huwa ndiye asiye na mstari. Anajua majibu yote. Karatasi zake za majaribio zina alama za juu. Lakini mwalimu akiandika maoni ya muhula (na shule hizi huandika maoni ya aya nzima kwa kila mwanafunzi, kila somo) ataandika kwamba hatujui anafikiri nini. Maoni hayo humfuata, kwa sababu mwalimu huyo huyo ndiye ataombwa barua ya mapendekezo atakapokuwa anaomba chuo.

La pili ni kuomba msaada. Ratiba za shule hizi zina muda maalumu ambapo mwalimu yuko ofisini na mlango uko wazi. Wanaokuja kwangu zaidi si wanaofeli, ni wale wenye B+ wanaotaka kujua kilichowapotezea alama. Wengine wanaona ni aibu, wanadhani kwenda kwa mwalimu ni kukiri kwamba huwezi. Matokeo yake mtoto anahangaika peke yake bwenini mpaka saa sita usiku na jambo ambalo ningemweleza kwa dakika kumi.

Kuhusu mzigo wa masomo nitaandika zaidi nikiona michango. Kwa ufupi: masomo matano au sita kwa muhula ndiyo kawaida. Somo likiwa gumu zaidi kazi ya jioni huongezeka, na si lazima mtoto achukue kila somo gumu lililopo.

Naomba kuwasilisha. Karibuni kwa maswali.

---

MamaWaWatatu

Asante sana Mwalimu kwa uzi. Mwanangu wa kwanza amekubaliwa kuanza la 9 mwaka huu. Nina wasiwasi mmoja. Nimepitia orodha ya masomo ya shule yake, hakuna AP hata moja. Ndugu zetu wote wenye watoto shule za serikali huku Marekani wanazungumzia AP tu, mtoto wa fulani kachukua AP saba, wa fulani tisa. Je, mwanangu hataonekana nyuma vyuo vikianza kulinganisha?

---

MwalimuWaHisabati

Mama, swali zuri na wengi wanalo.

Kwa wasiofahamu, AP ni masomo ya kiwango cha mwaka wa kwanza chuo yanayosimamiwa na College Board, shirika la mitihani la Marekani. Mtihani hufanyika Mei na alama ni 1 hadi 5. Chimbuko lake ni shule hizi hizi. Mwaka 1952 walimu wa Andover, Exeter na Lawrenceville pamoja na wenzao wa Harvard, Princeton na Yale walitoa ripoti iliyosema wanafunzi wao wakifika chuo wanarudia waliyokwisha kusoma, kwa hiyo kuwe na njia ya kuwasogeza mbele. AP ikazaliwa miaka hiyo ya 1950.

Baadaye mambo yakageuka. AP ikaenea kote nchini, na shule nyingi za maandalizi zikaanza kuona kwamba silabasi yake inawalazimisha kukimbia juu juu ili kumaliza mada kabla ya Mei. Mwaka 2018 shule nane binafsi za eneo la Washington, zikiwemo Sidwell Friends na Georgetown Day, zilitangaza kwamba zitaachana nayo ifikapo 2022. Badala yake shule za namna hiyo zina masomo ya juu ya kwao wenyewe: muhula mzima juu ya mapinduzi ya Haiti, au aljebra ya matriki, au fasihi ya nchi moja.

Kuhusu kulinganishwa: kila shule ikituma transkripti chuoni huambatanisha waraka unaoieleza shule. Unasema tuna masomo gani, magumu ni yapi, tunatoa alama kwa kipimo gani. Msomaji wa maombi anaangalia mtoto amefanya nini na yale yaliyokuwepo mbele yake. Shule isiyo na AP, hakuna mtoto wake anayehesabiwa AP. Waraka huo kwa kawaida uko kwenye tovuti ya shule, uusome. Utakuonyesha pia jinsi vipimo vinavyotofautiana. Phillips Academy ya Andover hutoa alama 0 hadi 6. Exeter wana kipimo chao cha 11, yaani A ni 11. Mtu wa nje akiona 5 ya Andover anaweza kudhani ni balaa, kumbe ni alama nzuri sana.

Na kama mwanao atataka kufanya mtihani wa AP bila kusoma darasa lenye jina hilo, hakatazwi. Wapo wanaofanya ule wa kalkulasi au wa lugha na kupata 5.

---

MwanafunziWaLa11

Shikamoo Mwalimu. Shikamooni wakubwa wote.

Niko darasa la 11 kwenye shule ya bweni ya aina hii. Naomba niongeze kwa upande wetu wanafunzi.

Hilo la meza ni kweli kabisa. Mimi nilikuja nikiwa mkimya sana. Tatizo halikuwa kwamba sijui, ni kwamba nikimaliza kupanga sentensi kichwani wenzangu wameshahamia jambo lingine. Kilichonisaidia ni mwalimu wangu wa historia. Aliniambia nisisubiri kuwa na hoja iliyokamilika. Alinitaka kila jioni niandike pembeni mwa ukurasa maswali mawili ambayo kitabu hakikuyajibu, na kesho yake niulize moja mapema, kabla mjadala haujapamba moto. Nikauliza. Watu wakaanza kulijibu swali langu, na kwa kuwa lilikuwa langu, ikawa rahisi kuendelea kusema. Siku hizi nasema bila kuandika kwanza.

Ratiba yetu: vipindi vya asubuhi mpaka mchana, halafu michezo ni lazima kwa kila mtu, halafu chakula, halafu prepo kuanzia saa mbili usiku. Wakati wa prepo wa la 9 simu wanazikabidhi. Sisi wakubwa tunajisimamia, na hapo ndipo ugumu ulipo. Insha ya historia ya kurasa nane hutangazwa wiki tatu kabla. Mwalimu anataka kwanza swali lako, wiki inayofuata orodha ya vyanzo, kisha rasimu, kisha insha yenyewe. Kila hatua ina alama. Anayeandika yote usiku mmoja anakuwa ameshapoteza alama za hatua tatu kabla hajaanza.

Kinachoniumiza mimi ni usingizi. Masomo matano, kila moja linadai karibu saa moja kila jioni, na kuna siku ni zaidi. Mwakani nataka kuchukua fizikia ya juu, kalkulasi ya juu na kemia ya juu zote pamoja kwa sababu wenzangu wote wanafanya hivyo. Mwalimu, unanishauri vipi?

---

MwalimuWaHisabati

Marahaba mwanangu. Huo ushauri wa mwalimu wako wa historia nitautumia darasani kwangu, nakuambia ukweli.

Kuhusu mwakani, niulize kwanza: katika hayo matatu, lipi ungelisoma hata kama lisingeingia kwenye transkripti? Lichukue hilo na lingine moja linaloendana nalo. Fizikia ya juu na kalkulasi ya juu zinasaidiana, unachojifunza kwenye moja unakitumia kwenye nyingine wiki hiyo hiyo. Kemia ya juu ina maabara ndefu na ripoti zake. Ukiiongeza hapo, muda itakaoula ni wa insha zako za maombi ya chuo, ambazo utaziandika mwanzoni mwa muhula huo huo. Lakini kama kemia ndiyo unayoipenda, basi ichukue na uache fizikia ya juu. Nenda kwa mwalimu mlezi wako na karatasi yenye saa za wiki nzima, si orodha ya masomo tu. Michezo iandike, kulala kuandike.

Usingizi si jambo la kujitolea mhanga. Madaktari wa usingizi Marekani wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Chama cha madaktari wa watoto cha huko kilitoa tamko mwaka 2014 kwamba sekondari zisianze vipindi kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, kwa sababu mwili wa kijana hausinzii mapema kama wa mtoto mdogo. Ukipata usingizi wa saa tano tu kila siku, darasani unakaa kwenye meza lakini haupo.

---

KakaMkubwa

Mwalimu, nakuheshimu lakini hapa natofautiana na wewe. Shule hizi za bweni ada yake kwa mwaka inalingana na ya chuo kikuu kikubwa. Mzazi anajinyima mpaka anachakaa. Halafu mtoto aambiwe achukue anachopenda, apunguze mzigo, alale? Si ndiyo maana tumempeleka, apambane na kigumu? Wenzake wanaochukua yote matatu ndio watakaoingia vyuo vikubwa, yeye atabaki na usingizi wake.

---

MwalimuWaHisabati

Kaka yangu, nakuelewa, na nawaona wazazi wanaojinyima hivyo kila mwaka. Ndiyo sababu nalizungumzia.

Sijasema achukue rahisi. Masomo mawili ya juu kati ya matano kwenye shule ya namna hii ni mzigo mkubwa kwa kijana yeyote. Ninachokataa ni kulichukua somo gumu kwa ajili ya jina lake. Nimekaa kwenye vikao vya walimu vya mwisho wa muhula, tunampitia mwanafunzi mmoja mmoja. Wale wanaoandikiwa maneno mazito, yale ambayo msomaji wa maombi chuoni anasimama akayasoma mara mbili, ni wale waliokuwa na nafasi ya kuzama. Aliyeuliza swali Jumanne, akarudi Alhamisi na jibu alilolitafuta mwenyewe. Mtoto aliyebeba kila kitu hana nafasi hiyo. Anakusanya kazi kwa wakati, anapata B+ kila mahali, na mwalimu hana cha kusimulia juu yake.

Halafu kuna hatari yenyewe. Marehemu Profesa Suniya Luthar alitumia miaka mingi kuchunguza vijana wa shule zenye ushindani mkubwa na familia zenye uwezo. Alikuta wasiwasi, sonona na matumizi ya vilevi vikiwa juu kuliko watu walivyodhani, wakati kila mtu aliamini watoto hao hawana shida. Mwaka 2018 taasisi ya Robert Wood Johnson ilipotaja mambo yanayoharibu afya ya akili ya vijana, shinikizo la kufaulu kupita kiasi liliwekwa kwenye orodha moja na umaskini, madhila na ubaguzi. Mimi mwenyewe nimeshakaa na mtoto aliyekuwa analia kwa A−. Hakuwa anadeka. Alikuwa hajui atampigia vipi baba yake.

Kaka, ukizungumza na mwanao Jumapili, muulize wiki hii amesoma kitu gani kilichomshangaza. Alama utaziona kwenye ripoti.

---

KakaMkubwa

Hilo la mwisho nimelipokea. La mzigo bado nalitafakari.

---

MshauriWaVyuo

Salaam wadau. Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi wa la 11 na la 12 kuhusu maombi ya chuo kwenye shule binafsi, kwa hiyo niongezee hapo Mwalimu alipofikia.

Shule hizi zina ofisi nzima ya kazi hii, na mtoto hupangiwa mshauri wake, kwa kawaida katikati ya la 11. Tumieni nafasi hiyo. Mshauri ndiye anayeandika barua ya shule, inayomweleza mtoto kwa ujumla: alianzaje, alikwama wapi, nani walimfahamu bwenini. Hawezi kuiandika vizuri kama mtoto anamkwepa. Barua nyingine mbili kwa kawaida ni za walimu, na vyuo hupenda wawe wa masomo makuu wa la 11. Omba mapema, kabla ya likizo ndefu ya kiangazi, ana kwa ana, na umkumbushe mwalimu kazi mojawapo uliyomfanyia.

Common App, yaani fomu moja ya mtandaoni inayotumika kuomba vyuo vingi, hufunguliwa Agosti 1. Insha yake kuu haizidi maneno 650. Maombi ya mapema mara nyingi mwisho wake ni Novemba 1, na kwenye utaratibu wa mapema unaofunga, mtoto akikubaliwa ameahidi kwenda huko huko. Mzazi asitie saini hapo bila kuangalia hesabu ya fedha. Ya kawaida mengi ni mwanzoni mwa Januari.

SAT (mtihani wa Kiingereza na hisabati ambao vyuo hutumia kupima waombaji): tangu Machi 2024 ndani ya Marekani inafanyika kwa kompyuta, saa 2 na dakika 14, jumla ya alama 1600. Wakati wa korona vyuo vingi viliacha kuidai. MIT walirudi kuidai mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Brown na Harvard wakatangaza vivyo hivyo. Vyuo vya University of California havitazami alama hiyo kabisa. Kwa hiyo mtoto aifanye la 11, mara moja au mbili, basi. Mazoezi yapo Khan Academy bure, kwa ushirikiano na College Board wenyewe, hakuna haja ya kulipa kozi za mamia ya dola kabla hajayamaliza hayo.

Jambo moja ambalo wazazi hulisahau: katikati ya la 12 shule hutuma alama za muhula wa kwanza, na mwisho wa mwaka hutuma transkripti ya mwisho. Chuo kilichokwisha kumkubali mtoto kinaweza kuondoa nafasi akiporomoka vibaya.

---

BibiMaktaba

Nami niseme kidogo, nimefanya kazi maktaba ya shule ya maandalizi kwa muda mrefu.

Wazazi, zungumzeni na watoto juu ya kudesa kabla hawajaondoka. Shule hizi zina kanuni ya uaminifu ambayo mwanafunzi huitia saini. Kuchukua aya ya mtu bila kumtaja, kumpa mwenzako kazi yako aitazame akainakili, kuiagiza akili unde (AI) iandike insha halafu ukaikusanya kama yako, yote hayo humpeleka mtoto mbele ya kamati ya nidhamu. Vyuo vingine huuliza shule moja kwa moja kama mwombaji aliwahi kuadhibiwa. Nimeona watoto wema kabisa wakiingia matatani kwa sababu walikotoka kunakili maneno ya kitabu kulihesabiwa ndiyo kujibu vizuri. Hawakukusudia kuiba. Mtoto akiwa na shaka, aje maktaba aulize kabla ya kukusanya. Sisi tuko pale kwa ajili hiyo, hata saa tatu usiku.

Walimu nao wanatofautiana juu ya akili unde. Mmoja anairuhusu kwenye kutafuta wazo, mwingine hataki kuiona kabisa. Kanuni ya mwalimu wa fizikia usiipeleke kwa mwalimu wa fasihi.

---

MamaWaWatatu

Nimesoma yote, Mungu awabariki. Mwalimu, la mwisho kutoka kwangu. Kijana anaondoka mwisho wa Agosti, sasa hivi yuko nyumbani. Nimtafutie mwalimu wa ziada amsomeshe kitabu cha la 9 kabla hajafika? Na viza yake ya mwanafunzi, F-1, kuna aliyeniambia mwisho ni mwaka mmoja kwa sekondari, ni kweli?

---

MwalimuWaHisabati

Mama, nianze na viza. Kikomo cha miezi 12 ni kwa wanaosoma sekondari za serikali kwa F-1. Shule binafsi iliyoidhinishwa kutoa fomu ya I-20 (ile ya kuombea viza hiyo) haina kikomo hicho, anaweza kusoma mpaka amalize la 12. Shule itakuelekeza.

Mwalimu wa ziada wa kumsomesha kitabu cha la 9, hapana. Shule itampa jaribio la hisabati la kumpanga darasa, mara nyingi linafanyika kiangazi hiki hiki. Afanye mwenyewe, bila msaada. Akisaidiwa atapangwa darasa lisilo lake na atalipia mwaka mzima.

Mtafutie kitabu kimoja kinene cha hadithi kwa Kiingereza, akisome chote, na kila siku aandike ukurasa mmoja kwa mkono: hapa sijaelewa kwa nini mhusika kafanya hivi, hapa nimekubali, hapa nimekataa. Jioni akusomee, wewe au wadogo zake, na mumbishie. Asikasirike, ajibu. Shule nyingi hutuma kitabu cha kusoma kiangazi. Kama cha kwake kimeshatajwa basi aanze na hicho.

Kwa hisabati, apakue yale maswali ya Exeter niliyoyataja, achukue kitabu cha kwanza, maswali mawili matatu kwa siku. Akikwama asitafute jibu mtandaoni siku hiyo hiyo. Alale nalo, kesho alirudie.

Na akifika, wiki ya kwanza aende ofisini kwa kila mwalimu wake ajitambulishe, hata kama hana swali. Dakika mbili zinatosha. Akienda mara ya pili akiwa amekwama, mlango atakuwa ameshauzoea.